Daftari la Viatu

Mie nina hasira za karibu, sikatai. Mama yangu huko Mikindani husema nilizaliwa nagomba. Lakini siku ile hasira zangu zilipata kazi ya kufanya, na nitakusimulia yote, hata pale nilipokosea.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na sita, katika maktaba yetu ya mjini Mtwara. Saa tatu asubuhi, nimekaa mlangoni pa chumba cha kompyuta, kitini pangu pa siku zote, daftari mapajani. Nje ikasimama pikapu nyeupe, nyuma imejaa maboksi matupu. Akashuka mwanamume wa miaka arobaini hivi, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unasimama wenyewe, viatu vyeusi vya kamba vinang'aa. Hakunisalimu. Akataka kunipita.

"Viatu, kaka," nikamwambia.

"Viatu vimefanya nini?"

"Vinavuliwa."

"Dada, mimi naitwa Isaya. Natoka ofisi ya mradi, Dar es Salaam. Kompyuta hizi ni za kwetu."

"Karibu sana, kaka Isaya. Viatu vinavuliwa."

Akageuka kumtafuta mkubwa wangu. Mama Felista, mkuu wa maktaba, alikuwa anakuja mbio koridoni, miwani mkononi, amevaa soksi tu. Yeye ni mtu wa Songea, mpole, kila karatasi yenye mhuri humtetemesha. Akamwambia, "Hata mimi huvua, Bwana Isaya. Vumbi la hapa linaua mashine."

Akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Nikajing'ata mdomo nisicheke. Nikampa kibao chenye namba 23, kwa kuwa ndilo tundu kubwa la rafu na viatu vyake vilikuwa kama mitumbwi, kisha nikaandika daftarini kama ninavyomwandikia kila mtu.

Hapo nisimame kidogo nikueleze hilo daftari. Miaka miwili nyuma, mwalimu mmoja alitoka chumbani akakuta viatu vyake vipya havipo, zimebaki kandambili zimekatika kamba. Jamani! Siku hiyo palikuwa hapakaliki. Mama Felista akanambia, "Somoe, kuanzia leo viatu ni juu yako." Haya, ni juu yangu. Nikamwomba seremala atuchongee rafu ya matundu arobaini, kila tundu na kibao chake cha namba. Mtu akija, navipokea viatu vyake, nampa kibao, naandika: namba ya tundu, viatu vya namna gani, anakaa mashine ya ngapi, ameingia saa ngapi. Akitoka, narudishiwa kibao, naandika saa ya kutoka. Jioni najumlisha chini ya ukurasa na kuhakikisha matundu yote yako tupu. Majina siandiki. Mwanzoni niliandika, akaja mama mmoja akakataa katakata, anasoma habari za ugonjwa wake na hataki mtu ajue. Nikaona ana haki. Mie nilinde viatu, ya moyoni mwake yananihusu nini?

Basi. Bwana Isaya akaingia, akakaa mashine ya nne, iliyokuwa imeachwa punde tu, akachapa namba yake ya kadi. Kila anayetaka kutumia kompyuta zetu ilikuwa lazima achape namba ya kadi kwanza, na programu ya kuhesabu iliyoletwa na mradi mwezi wa kwanza inamwingiza kwenye orodha moja ya mashine zote. Kila mwisho wa mwezi, asubuhi, Mama Felista alibonyeza alipoelekezwa kubonyeza, orodha ikaenda Dar kwa barua pepe. Kuisoma haisomi. Alikuwa anaiogopa ile programu kuliko nyoka.

"Naona inafanya kazi vizuri," Bwana Isaya akasema. "Leo mpaka sasa imehesabu watu kumi na wanne, na mimi nimo." Akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Sasa tuzungumze. Mwezi wa pili, watu tisa. Wa tatu, watano. Wa nne, saba. Watu ishirini na mmoja kwa miezi mitatu, kwa kompyuta sita! Mradi una utaratibu: kituo kisichofikisha watu ishirini kwa siku, mashine zinahamishwa. Kuna mkoa mwingine unazililia. Nimekuja na gari."

Lo! Nilihisi masikio yanawaka moto.

Nilitazama ndani. Mashine zote sita zina watu. Mwalimu Petro, wa hesabu, anatafuta mitihani ya zamani ya kuwasomeshea vijana wake. Bibi Mwanahawa, tuliyekuwa tunamfundisha kuandika barua pepe, anamwandikia mwanawe aliyeko Muscat, kwa kidole kimoja, herufi moja kila baada ya pumzi tatu. Kwenye benchi la nje watu wanane wanangoja zamu. Na mwezi wa pili ndio yalipotoka matokeo ya kidato cha nne! Nilipokea viatu mpaka matundu yakaisha, vingine nikavipanga sakafuni kwa chaki. Eti watu tisa?

"Umesema tisa?" nikauliza.

"Tisa, dada. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

"Na leo saa tatu hii imeshahesabu kumi na wanne. Hilo halikushtui?"

Akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto. "Leo mmejipanga. Mkisikia mgeni anakuja, mnaita ndugu na jirani."

Weee! Hapo nikasimama. "Nani alisikia unakuja? Ulipiga simu? Uliandika barua? Umeingia hapa hata salamu hujatoa, tungekujulia wapi?"

"Somoe, mwanangu," Mama Felista akaninong'oneza, amenishika mkono. Alikuwa ameshakubali, nilimwona. Angetia sahihi, mashine zingeingia maboksini kabla ya adhuhuri, kisha angeenda nyumbani kulia peke yake. Na mie ningebaki mlangoni kulinda chumba kitupu.

Nataka uelewe kwa nini iliniuma vile. Kompyuta hizo nilizipigania. Mwaka uliotangulia mtu alichomeka flashi yenye virusi, nne kati ya sita zikafa kwa wiki moja. Miezi miwili tumefunga chumba. Watu wananikuta sokoni, wananiuliza, "Somoe, bado wagonjwa wako?" Nikamwendea fundi Rashidi wa mtaa wa Chuno, anayetengeneza redio na kompyuta, nikamkalia kooni mpaka akapata programu tunayoiita kufuli. Kufuli lile kazi yake moja: mashine ikizimika na kuwaka tena, inarudi vilevile ilivyokuwa siku ilipofungwa. Mtu aweke virusi, aharibu, asahau barua zake wazi, ukizima ukawasha vyote vimefutika. Tangu siku hiyo mashine zangu hazikuugua hata mafua. Nilikuwa najivuna nalo kufuli hilo, wallahi, kana kwamba nimelizaa mwenyewe.

Nikachukua daftari, nikaliweka juu ya meza, mbele ya kibodi yake. "Soma."

Akafunua kwa ncha ya kidole. "Hiki nini?"

"Daftari la viatu. Hakuna anayeingia chumba hiki na viatu, na hakuna viatu visivyoandikwa humu. Fungua mwezi wa pili."

Akasoma kwa sauti, anacheka. "'Kandambili za bluu. Raba nyeupe, moja haina kamba. Makubadhi. Kandambili za bluu tena.' Dada yangu, mradi hauwezi kupokea kandambili. Tunataka takwimu. Daftari kama hili mtu anaweza kulitunga siku mbili."

"Nitunge pea elfu nzima za viatu? Nina kichaa?"

"Sijui. Najua mashine imeandika tisa."

Mwalimu Petro akageuka kitini. "Samahani, ndugu mgeni. Mimi peke yangu mwezi wa pili nilikuja zaidi ya mara tisa."

"Mwalimu, sikatai, lakini wewe si ripoti."

Akafungua kalamu, akamsogezea Mama Felista fomu ya kukabidhi. Mama Felista akavaa miwani. Mie nikaanza kulifunika daftari langu.

Hapo umeme ukakatika.

Kwa mtu wa Mtwara wa miaka ile hilo halikuwa jambo. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ukikatika mara mbili kwa siku unashukuru, na zile betri za akiba zilizokuja na kompyuta zilikufa mwaka wa kwanza. Vioo sita vikawa vyeusi kwa pamoja. Hakuna aliyeguna. Bibi Mwanahawa akasema tu, "Haya, mwanangu Ismaili atangoja," akatoa karanga kwenye pindo la kanga, akaanza kutafuna. Ni Bwana Isaya peke yake aliyeruka.

"Inakuwaje sasa?"

"Tunakaa," nikamwambia. "Utarudi."

Mwalimu Petro, mtu asiyeweza kukaa bure, akaliomba daftari, akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Akageuza karatasi ya mtihani, akaanza kuzinakili na kuzijumlisha zile jumla zangu za jioni, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikimcheza. Bwana Isaya akawa anatembea na soksi zake, dirishani, mlangoni, dirishani. Mama Felista fomu iko mbele yake, kalamu iko mkononi, anangoja mwanga aone pa kutia sahihi. Chumba kile kina dirisha moja tu, na tumeliziba nusu kwa sababu ya vumbi. Nilimshukuru Mungu kwa vumbi.

Nusu saa, umeme ukarudi. Mashine zikaanza kunguruma, moja baada ya nyingine. Bibi Mwanahawa akakung'uta maganda mkononi, akachapa namba yake ya kadi upya, nikamsikia anasema, "Hii nayo kila siku inaniuliza mimi nani. Imeniona asubuhi, haijanijua tena?"

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba.

Imeniona asubuhi, haijanijua tena. Kufuli! Umeme ukikatika mashine inazimika. Ikiwaka, inarudi ilivyokuwa siku ilipofungwa. Inasahau virusi, inasahau barua zilizoachwa wazi. Na orodha ya watu je? Orodha imo humohumo ndani ya kufuli!

"Kaka Isaya," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya upole hata Mama Felista akashtuka. "Hebu kaa tena. Fungua hiyo orodha yako. Asubuhi ilisema watu kumi na wanne, na wewe umo. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi jitafute."

Akakaa. Akafungua. Orodha ilikuwa na mtu mmoja: Bibi Mwanahawa, kadi yake, dakika mbili zilizopita.

Akabonyeza tena. Akahamia mashine ya tatu, akafungua orodha kule. Akachapa namba yake ya kadi kwenye sehemu ya kutafutia, polepole, akaikagua na kadi yenyewe. Mashine ikamjibu kuwa mtu huyo hajawahi kuingia. Akachapa tena. Hajawahi kuingia. Watu wa benchini walikuwa wamesogea mlangoni, wamejaa pomoni, peku wote, viatu mkononi, wanatazama.

"Lakini niliingia," akasema. "Nilikaa pale."

"Ulikaa? Una ushahidi gani?" nikamuuliza. Eh, nisamehe, utamu ulinizidi. "Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Nikalichukua daftari mkononi mwa Mwalimu Petro. Nikafungua ukurasa wa siku ile, nikamsomea kila mtu asikie. "Namba ishirini na tatu. Vyeusi vya kamba, vikubwa, kisigino cha kulia kimelika. Mashine ya nne. Kuingia: saa tatu na dakika tano. Kutoka: bado." Nikamwekea kidole penye mstari. "Mashine yako haikujui, kaka. Daftari langu linakujua."

Chumba kililipuka. Walicheka, wakapiga makofi, Bibi Mwanahawa akapiga kigelegele ambacho maktaba ile haikupata kukisikia, na Mama Felista, aliyekuwa akitufukuza hata tukikohoa tu, alikuwa anacheka mpaka miwani ikamwanguka. Bwana Isaya alikisoma tena kile kisigino chake daftarini. Kisha akaangalia soksi, na akacheka na yeye. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo.

"Kufuli," akasema. "Mliweka kufuli."

"Niliweka mie," nikajibu, na hapo furaha ikanipungua, lazima niseme kweli. Kosa lilikuwa na mkono wangu ndani. Miezi mitatu kufuli nililolililia ndilo lililokuwa likiwafuta watu wangu kila umeme ulipokatika na kila jioni tulipozima, na ile orodha ya mwisho wa mwezi ilikuwa ni ya waliowahi asubuhi ile peke yao. Sikufikiria hata mara moja. Niliona kuhesabu ni kazi ya Dar, yangu ni viatu. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu.

Mama Felista akainuka, akaenda ofisini. Akarudi na jalada. Mama wa watu, anayeogopa karatasi, karatasi zake zote anazihifadhi! Akamwonyesha barua iliyokuja pamoja na programu ya kuhesabu. Ilisema palipo na kufuli, fundi alifungue, aweke programu, alifunge, na mashine zisifunguliwe tena kwa sababu yoyote. Chini, sahihi ya Bwana Isaya.

Akaisoma mara mbili. "Basi tumekosea wote," akasema. "Mimi zaidi. Mimi ndiye niliyesoma tisa nikaamini."

"Elfu tatu mia nane na kumi na mbili," Mwalimu Petro akasema kutoka pembeni. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amemaliza kujumlisha. "Mwezi wa pili mpaka wa nne. Kwa siku ni kama watu hamsini na mmoja. Nimehakiki."

Hamsini na mmoja! Niliketi. Nilikuwa nikiijumlisha siku moja moja, sikupata kuijumlisha yote. Pea elfu tatu mia nane na kumi na mbili zilipita mikononi mwangu, na hazikupotea hata kandambili. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa ushungi, nikasingizia vumbi.

Rashidi aliitwa kutoka Chuno, akaja na baiskeli na mfuko wa sidii. Walikaa na Bwana Isaya mpaka saa nane, wote peku, vichwa vimekutana. Kufuli likabaki palepale, ila walitenga sehemu ndogo ya mashine nje ya kufuli, na orodha ikahamishiwa huko. Walizima na kuwasha mara tano kujaribu. Bwana Isaya alipekua mashine zote sita kutafuta virusi, hakuambulia hata kimoja. Akamwambia Mama Felista kwamba amezunguka mikoa saba na hajaona kompyuta za umma safi kama hizi. Akapiga simu Dar. Nilimsikia akisema, "Hapana, hazihami. Nasema hazihami. Nitaeleza nikifika." Ile fomu ya kukabidhi akaichana vipande vinne mwenyewe.

Kabla ya kuondoka akaniomba daftari anakili jinsi nilivyopiga mistari. Alisema atazipelekea maktaba nyingine za mradi, ili mashine ihesabu na mtu ahesabu, mmoja akisahau mwenzake akumbuke. Nikamruhusu. Nikamwonya asiongeze safu ya majina.

"Sitaongeza, dada Somoe," akasema. Alikuwa amelijua jina langu sasa.

Akanirudishia kibao namba 23. Nikamtolea viatu vyake, akainama kufunga kamba, kidole gumba bado kinachungulia. Nje dereva alikuwa amelala juu ya maboksi yake matupu. Nikaandika: kutoka, saa nane na nusu. Alikuja kuchukua kompyuta sita, na mie nilimkabidhi viatu viwili.

"Nani anafuata?" nikaita benchini. "Viatu vinavuliwa!"